Kusuta ni kukosoa tu, au kuna zaidi? Magazeti ya Nairobi yananichanganya

#1 Mpitanjia wa Kinondoni

Habari zenu wanajukwaa. Napenda kusoma magazeti ya Kiswahili ya Nairobi, na kuna neno moja ambalo kila nikilikuta kwenye kichwa cha habari hunifanya nirudie kusoma. Mifano ni ya aina hii: "Gavana asutwa kuhusu barabara," "Wabunge wasuta waziri," "Askofu asuta serikali." Kwetu Dar es Salaam, ukiniambia kwamba gavana amesutwa, nitauliza kwanza ni nani aliyekwenda nyumbani kwake, alifuatana na nani, na matarumbeta yalikodiwa wapi. Ukiisoma habari yenyewe hadi mwisho hukuti mtu aliyekwenda kwa mwenzake. Unachokuta ni mwanasiasa aliyesimama mazishini akamlalamikia mwanasiasa mwingine ambaye wakati huo alikuwa mji mwingine kabisa. Huko kwetu ni kumsema mtu, na kumsema ni kinyume cha kumsuta. Dai langu ni kwamba neno hili linatumiwa vibaya, na ninalitoa nikitaraji kupingwa. Kusuta ni nini hasa?

#2 Mwalimu wa Kakamega

Ndugu Mpitanjia, umetoa hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi. Darasani ninafundisha kwamba kusuta ni kumlaumu mtu waziwazi, kwa maneno makali, kwa ajili ya jambo baya alilolitenda au kweli aliyoificha. Katika maana hiyo hamna sharti la kwenda nyumbani kwa mtu, wala la muziki. Msomaji wa Turkana na msomaji wa Kisii wakiona "asutwa" wanaelewa jambo lile lile bila kamusi, nami sijui ni kipimo gani kingine cha matumizi sahihi kinachohitajika. Kisha nikuulize: unaposema "dhamiri yangu inanisuta," ni nani aliyebisha hodi? Dhamiri haina miguu ya kuendea barazani kwa mtu, na bado hakuna Mtanzania anayeilalamikia.

#3 Shangazi wa Temeke

Wanangu, ngojeni niwaeleze jinsi linavyofanyika, kwa sababu naona mnalijadili mkiwa mbali nalo. Tuseme mwanamke amesikia kwamba jirani yake anapita akisema kwamba amekula fedha za mchezo, yaani zile wanazochangishana na kupokea kwa zamu. Hakimbilii kupiga kelele. Kwanza anamtafuta yule aliyeyaleta maneno na kumuuliza kama yuko tayari kuyarudia mbele ya mwenye kuyasema. Akikataa, suto linafia hapo hapo, maana suto lisilo na shahidi ni ugomvi wa kawaida tu. Akikubali, ndipo mashoga, yaani rafiki zake wa kike, wanapoitwa, khanga za sare zinavaliwa, na safari inakuwa alasiri, wakati ambapo watu wako mabarazani na hakuna atakayesema kwamba hakuona. Wakifika, mhusika anaitwa atoke nje. Swali ni moja: "Ulisema au hukusema?" Akikana, shahidi anasogezwa mbele. Akikiri, anatakiwa aonyeshe hizo fedha zililiwa lini na nani alikosa zamu yake. Kwa vyovyote atakuwa ameumbuka.

Matarumbeta yalikuja kwa wenye uwezo. Ujanani kwangu vigelegele na debe vilitosha, na mjumbe wa nyumba kumi alikuwa amepewa taarifa mapema ili asije akashangaa. Kwa hiyo, Mwalimu, mimi sikatai Kiswahili chako, ila mwanasiasa anayemlalamikia mwenzake akiwa mazishini hajamsuta mtu. Amemsengenya kwa kipaza sauti.

#4 Karani Mstaafu

Shangazi ameeleza vizuri, nami naongeza upande ambao yeye pengine hakuuona, kwa kuwa masuto mengi yaliishia mezani kwangu. Nilifanya kazi katika mahakama ya mwanzo, ambako mashauri yaliendeshwa kwa Kiswahili miaka mingi kabla ya sheria ya 2021 kukifanya kuwa lugha ya mahakama zote nchini. Aliyesutwa alikuja kulalamika, na shitaka lililokuwa karibu zaidi lilikuwa la kutumia lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuvunja amani, chini ya kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu. Sehemu kubwa ya mashauri hayo ilikuwa ngumu kuthibitisha kwa sababu ambayo inahusu uzi huu moja kwa moja: msutaji stadi hatukani. Anauliza. Hakimu alimtaka mlalamikaji ataje tusi alilotukanwa, naye akawa na jibu la aina hii: "Waliniuliza kama nilisema." Kumuuliza mtu kama alisema jambo si kosa, hata ukiuliza mbele ya mtaa mzima.

Kwa uzoefu huo, mimi naona kwamba kiini cha kusuta ni kuhoji kwa ushahidi. Ukali ni matokeo yake, haumo katika maana yenyewe.

#5 Mhariri wa Zamu ya Usiku

Wasomi wangu, mnatafuta falsafa mahali penye hesabu ya herufi. Nilikaa miaka mingi kwenye meza ya uhariri ya gazeti la Kiswahili, nami nawahakikishia kwamba safu ya gazeti ni nyembamba na vitenzi vya Kiswahili ni virefu. Pangeni wenyewe: "ashutumiwa" ina herufi 10, "akashifiwa" 10, "akosolewa" 9, "alaumiwa" 8. "Asutwa" ina 6. Saa tano usiku, mtambo ukiwa unasubiri ukurasa, mhariri hakumbuki shangazi wa mtu wala khanga zake. Anatafuta neno litakaloingia bila kupunguza ukubwa wa maandishi. Neno likishazoeleka kwenye vichwa vya habari, linashuka kwenye habari yenyewe, kisha kwenye redio, kisha vinywani.

#6 Mpitanjia wa Kinondoni

Ahsante Mhariri, hesabu imenifurahisha, lakini ina tundu. Katika kauli ya kutenda, "asuta" ina herufi 5 na "akosoa" ina 6. Tofauti ya herufi moja haimlazimishi mtu kubadili maana ya neno. Isitoshe, safu za magazeti ya Dar es Salaam nazo ni nyembamba, na wahariri wetu wakabuni njia nyingine: "amshukia," "ambeza," "amlipua," "ampa makavu." Kama ufinyu wa safu ungekuwa ndio sababu, "asutwa" ingejaa kwetu pia. Mbona haikujaa?

Kwa Mwalimu: nimelitafakari swali lako la dhamiri, na naona linanisaidia mimi kuliko linavyokusaidia wewe. Dhamiri inamsuta mtu kwa sababu ilikuwepo. Ndiye shahidi asiyeweza kukanwa. Huyo mwanasiasa wako wa mazishini alishuhudia nini?

#7 Mtoto wa Kibokoni

Assalaam aleikum. Naomba jambo moja lirekebishwe kabla halijazoeleka: mnazungumza kana kwamba mpaka wa maana hii ni Namanga. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwetu Mji wa Kale kumsuta mtu ni kumkabili kwa alilolisema au alilolifanya, uso kwa uso, pakiwa na mtu wa kusimamia maneno. Tofauti iliyopo ni ya pwani na bara, si ya Kenya na Tanzania, na mtu wa Kibokoni kwa neno hili yuko karibu na Shangazi wa Temeke kuliko alivyo karibu na Mwalimu wetu.

Wazee wetu wa kike walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, na vilivyotajwa sana Mombasa ni Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Aliyevunja heshima aliweza kujisikia ndani ya wimbo. Hata hivyo, hilo halikuitwa suto, kwa kuwa jina halikutajwa na hakuna aliyeulizwa swali. Lilikuwa fumbo, na mwenye fumbo ana haki ya kusema, "Kwani nimekutaja?"

#8 Kijana wa Mwembechai

Wakubwa shikamooni. Mimi naamini neno hili lilipata nguvu kutoka kwenye taarabu ya mipasho, yaani ya kurushiana vijembe, ya miaka ya 1990, pale vikundi vya Tanzania One Theatre (TOT) na Muungano vilipokuwa wakijibizana, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule. Wanawake wa mitaani waliiga yale ya jukwaani wakayapeleka mabarazani. Kuhusu asili, nimewahi kuambiwa kwamba "suta" limetokana na neno la Kiarabu lililotupatia "sauti," yaani kumpazia mtu sauti. Naomba wajuzi wathibitishe.

#9 Msomaji wa Kamusi

Marahaba kijana. Sitathibitisha, nitapinga yote mawili, ila kwa upole.

La kwanza ni la tarehe. Tanzania One Theatre iliundwa 1992. Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version ilitolewa nzima 1952, na katika kitabu cha Ayubu, sura ya 27, Ayubu anasema kwamba ataishika haki yake na moyo wake hautamsuta. Neno lililokuwa tayari limeshatulia katika Maandiko miaka 40 kabla ya TOT haliwezi kuwa lilitoka jukwaani. Angalieni pia jinsi Ayubu alivyolitumia: anazungumzia mashitaka ya ndani, na rafiki zake wako pale pale wakimshitaki kwa nje. Ni matumizi makini mno.

La pili ni la umbo. Vitenzi tulivyovipata kutoka Kiarabu kwa kawaida havimalizikii kwa -a: laumu, shutumu, kashifu, laani, hakiki. Vikitendwa, vinachukua -iwa au -ewa: laumiwa, shutumiwa, kashifiwa. "Suta" linamalizikia kwa -a na hutendwa "sutwa," kama pigwa, chekwa na semwa. Kwa mwenendo wake wote ni kitenzi cha Kibantu. Na "sauti" tunayo tayari, ikiwa nomino, na haijawahi kuzaa kitenzi.

#10 Mvuvi wa Maneno

Msomaji wa Kamusi, kanuni yako ni nzuri ila inavuja. "Hadaa" ni Kiarabu na linamalizikia kwa -a, na watu wanahadaiwa kila siku. Kwa hiyo kumalizikia kwa -a peke yake si cheti cha kuzaliwa.

#11 Msomaji wa Kamusi

Ndiyo maana nilitaja mambo mawili pamoja. "Hadaa" limebeba -a yake kutoka katika sauti ya kooni ya Kiarabu ambayo sisi hatuna, na likitendwa linajifichua: tunasema "hadaiwa," hatusemi "hadawa." Nipe kitenzi cha Kiarabu kinachotendwa kwa -wa tupu kama "sutwa," nami nitakaa kimya.

#12 Shangazi wa Temeke

Hapa ndipo ninapoona Karani ana haki. Tazameni Mvuvi alivyoulizwa swali moja mbele ya watu. Kilichobaki ni tarumbeta.

#13 Msafiri wa Muscat

Nawasalimu kutoka Oman. Huku tumo wengi ambao wazazi wetu walitoka Unguja na Pemba, na Kiswahili cha majumbani kimebaki na maneno ambayo vijana wanayachanganya. Marehemu bibi yangu alitenga mambo matatu, nami nayaandika kwa jinsi alivyokuwa akiyatumia. Kusuta ni kumkabili mtu kwa uongo au ubaya wake. Kusimanga ni kumkumbusha mtu fadhila uliyomtendea ili ajione mdogo, na masimango yanauma hata kama kila neno lake ni la kweli. Kuchamba, mtanisamehe, ni kumwaga maneno machafu bila kujali ushahidi wala fadhila.

Niliwahi kumsikia akimkatiza jamaa yetu aliyekuwa akimlaumu mdogo wake kwa kutorudisha deni. Jamaa alianza vyema, kwa tarehe na mashahidi. Kisha akaingiza habari ya karo aliyomlipia zamani. Bibi akasema, "Hapo umeshatoka kwenye kusuta, unasimanga, rudi kwenye deni lako." Nadhani magazeti yanayozungumzwa humu yangefaidika na bibi wa namna hiyo.

#14 Mwalimu wa Kakamega

Msafiri, ahsante kwa bibi, nitamtumia darasani. Ninayo maelezo mengine ambayo hayajatajwa na ambayo naona yana uzito kuliko safu za gazeti. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza Kenya 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani, na mamilioni ya watoto ambao hawakuzaliwa katika lugha hii wakajifunza msamiati kwa orodha za visawe: suta, shutumu, kashifu, kemea, laani, karipia. Mtoto wa Kibokoni alilipata neno barazani likiwa na watu wake na khanga zake. Mwanafunzi wangu alilipata likiwa limepangwa katikati ya wenzake kwenye ubao, na akitaka kupata alama ya utajiri wa lugha, analibadilisha na lolote lililo jirani. Waandishi wa habari wa leo ni wanafunzi wale wale. Silisemi hili kwa majuto. Ndivyo lugha inavyohama kutoka kwa wenyeji kwenda kwa taifa.

Ila kuna upande mwingine. Mpitanjia anashangaa kwamba sisi tunasuta ovyo, mimi nashangaa jinsi Watanzania wanavyoliogopa "kashifu." Kwetu "Askofu akashifu mauaji" ni habari ya kawaida: ameyalaani.

#15 Karani Mstaafu

Mwalimu, kichwa hicho cha habari kingemsumbua msomaji wa huku. Kwetu kumkashifu mtu ni kumvunjia heshima, hasa kwa maneno yasiyo ya kweli, na madai ya kashfa ni jambo la mawakili. Kukashifu dini ni jambo la kukupeleka polisi. Askofu anayekashifu mauaji, kwa masikio yetu, anayatukana mauaji, na mauaji hayana hadhi ya kuvunjwa.

Hofu unayoiona ina sababu za kisheria. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliigusa kashfa kwa vifungu vikali, na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vikiwamo vya kashfa, vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Kwenu, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuwa imekwisha kukifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai, mwezi Februari 2017. Neno likiwa na jela nyuma yake, watu hulishika kwa uangalifu.

#16 Mpitanjia wa Kinondoni

Karani, hoja hiyo ni nzuri lakini haitoshi. Wakenya walikuwa "wakikashifu" kwa maana ya kulaani hata wakati kifungu hicho cha 194 kilipokuwa hai. Kwa hiyo jela haikuwazuia wao.

Na Mwalimu, sijaridhika na serikali kusutwa. Mtu husutwa. Matendo ya mtu yanaweza kumsuta, kwa kuwa yapo na yanashuhudia. Serikali ni kitu gani hata kione haya? Suto linafanya kazi kwa sababu kesho yake aliyesutwa anakwenda kuchota maji bomba lile lile na wale waliomwona. Ukiondoa aibu hiyo, kinachobaki ni kukosoa, na Kiswahili kina "kosoa" tayari.

#17 Mwalimu wa Kakamega

Kukosoa ni kuonyesha kosa ili lirekebishwe. Mwalimu anakosoa insha. Mwananchi ambaye barabara yake imezinduliwa mara kadhaa bila kujengwa hakosoi insha. Anasema, "Uliahidi au hukuahidi?" mbele ya kamera, na video ya ahadi ipo. Shahidi yupo, hadhira ipo, swali ndilo lile lile la Shangazi. Tofauti ni kwamba baraza limekuwa skrini. Naona hilo ni suto halali, na nakubaliana nawe kwamba mwanasiasa kumlalamikia mpinzani wake mazishini ni kitu kingine.

#18 Shangazi wa Temeke

Kidogo tunaelewana. Ila huyo mwananchi na awe tayari: anayekwenda kusuta naye awe msafi, maana mlango ukishafunguliwa hata mwenye nyumba ana yake ya kuuliza. Nimewahi kuona kundi zima la sare likirudi kimya kwa sababu aliyekuwa anasutwa alitoka nje na daftari la mchezo mkononi.

#19 Mtoto wa Kibokoni

Kuna swali ambalo halijaguswa: nani anaweza kumsuta nani? Kwetu mdogo hamsuti mkubwa. Mke aliyesemwa vibaya na mama mkwe hawezi kwenda na mashahidi mlangoni. Atapeleka neno kwa somo wake, yaani mwanamke aliyemfunda, na somo ndiye atakayekwenda, kwa salamu na kwa heshima zote. Jamaa yangu mmoja alifanyiwa hivyo. Somo alikwenda na binti aliyekuwa ameyasikia maneno, wakakaribishwa, wakakaa.

#20 Karani Mstaafu

Nauliza kwa faida ya kumbukumbu: yule binti aliyarudia maneno mbele ya mama mkwe au hakuyarudia? Kama hakuyarudia, kwa kipimo cha Shangazi katika bandiko la 3, hapakuwa na suto.

#21 Mtoto wa Kibokoni

Hakuyarudia. Aliona haya, akainama akacheza na ushungi wake mpaka kahawa ikaletwa. Somo akauliza habari za mguu, akataja kwa mbali kwamba maneno ya watu hayana mwisho, wakaaga. Somo mpaka leo anasema kwamba alikwenda kumjulia hali mgonjwa. Mama mkwe anasema kwamba alisutwa nyumbani kwake, na amewaambia watu wote wa mtaa.